Njia Kwanza, Programu Baadaye: Namna ya Kuchagua Marathoni na Kujiandaa Nayo

Marathoni ni kilomita 42.195 popote uendako, lakini muulize aliyekimbia Berlin na New York mwaka mmoja kama ni mbio zile zile. Kila msimu napokea wakimbiaji waliokwisha kujiandikisha, wamelipa, wamepakua na programu ya mazoezi ya wiki 16, halafu ndipo wanauliza, “Kocha, hivi hii njia ina milima?” Swali hilo lilipaswa kutangulia. Programu huandikwa baada ya njia kujulikana, kwa sababu miguu huzoea kile ilichofanyishwa, si kingine.

Hatua ya 1: Sema unachokitaka

Kuna anayetaka kumaliza salama, kuna anayewinda muda wake bora, na kuna anayetafuta muda wa kufuzu kwa mbio nyingine kama Boston. Usichanganye. Anayewinda muda asiende New York. Anayetaka kuliona jiji na kushangiliwa asijinyime New York kwa kuogopa madaraja yake. Na kama unatafuta kufuzu, soma masharti kabla ya kulipa. Kwa mbio za mwaka 2027, Boston imeamua kwamba muda uliopatikana kwenye njia inayoshuka futi 1,500 (kama mita 457) unaongezewa dakika 5, na dakika 10 mteremko ukifika futi 3,000. Zile mbio za kuporomoka kutoka mlimani hazina faida kama zamani, nami sikusikitika.

Hatua ya 2: Usome mchoro wa mwinuko, usiutazame tu

Hapa kaa na kalamu. Waandaaji wengi huweka mchoro unaoonyesha njia inapopanda na kushuka. Kabla hujaitazama milima yenyewe, angalia namba zilizo pembeni, kwenye mstari wa wima. Mchoro ukianzia mita 0 na kuishia 40, kila tuta la barabarani litaonekana mlima. Ukiishia 500, kilima cha kukuvunja nguvu kitaonekana tambarare.

Kisha usidanganywe na tofauti ya mwanzo na mwisho. Boston huanzia Hopkinton, takribani mita 140 juu ya pale mbio zinapomalizikia. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni kuteleza tu. Sasa ifuate njia kwa kidole. Mteremko mkali uko kwenye kilomita za mwanzo, miguu ikiwa bado mibichi na kila mtu ana pupa. Vilima vya Newton vinaanza baada ya kilomita 25, na cha mwisho, Heartbreak Hill, kinakuja baada ya kilomita 32. Kilima chenyewe hakipandi hata mita 30. Kingewekwa kwenye kilomita ya 5 hakuna ambaye angekipa jina. Tatizo ni kwamba kinakukuta mapaja yamekwisha kuchakazwa na mteremko wa asubuhi na wanga mwilini unaelekea kwisha. Ukikivuka, njia inashuka tena kuelekea mjini, na nimeona wengi wakianza kutembea kwenye kushuka huko kuliko kwenye kilima.

Kwa hiyo andika mambo matatu: jumla ya mita za kupanda, jumla ya mita za kushuka, na kila mlima uko kilomita ya ngapi. Hilo la tatu ndilo linalotengeneza programu yako. Athens, inayotoka mji wa Marathon hadi uwanja wa Panathenaic, hupanda takribani kuanzia kilomita ya 10 hadi ya 31, kisha hushuka hadi mwisho. Aliyejizuia huko juu huwapita watu wengi mwishoni. New York inakupandisha daraja la Verrazzano-Narrows pale pale mwanzoni, halafu karibu na kilomita ya 25 unaingia daraja la Queensboro, ambako hakuna washangiliaji na unachosikia ni viatu vya wenzako.

Hatua ya 3: Tarehe, saa na upepo

Wastani wa joto hautoshi. Tafuta joto la siku yenyewe ya mbio kwa miaka kadhaa iliyopita, uone lilivyopanda na kushuka. Chicago ni tambarare na hufanyika Oktoba, wakati wengi hutarajia baridi, lakini mwaka 2007 joto lilizidi hadi mbio zikasimamishwa kabla wengi hawajamaliza. Boston mwaka 2018 ilikuwa mvua na baridi kali, wakati mwaka 2012 watu waliungua na jua kwenye njia ile ile. Tazama pia saa ya kuanza. Wewe unayechukua saa nne na nusu kumaliza unakimbia katika hewa tofauti na wale wanaoshinda, maana wao wanavaa medali jua likiwa bado halijapamba moto.

Upepo nao una hesabu yake. Njia ya kuzunguka au ya kwenda na kurudi hukupa upepo wa mbele na wa mgongoni. Ile inayotoka mji mmoja hadi mwingine ni bahati nasibu. Mkenya Geoffrey Mutai alikimbia Boston mwaka 2011 kwa saa 2:03:02, upepo ukimsukuma mgongoni. Hakuna aliyewahi kukimbia marathoni haraka hivyo wakati ule, lakini haikuwa rekodi ya dunia: kanuni zinataka mwanzo na mwisho visitengane kwa zaidi ya nusu ya urefu wa mbio, na njia isishuke zaidi ya mita 1 kwa kila kilomita. Boston inavunja yote mawili.

Hatua ya 4: Mambo ya waandaaji

Haya ni ya haraka, ila yasikupite: muda wa mwisho wa kufunga njia, umbali kati ya vituo vya maji, aina ya kinywaji kinachotolewa, namna ya kufika pa kuanzia, na utasubiri huko muda gani ukiwa na kaptula tu.

Hatua ya 5: Mazoezi yafanane na njia

Njia ikiwa na mteremko, fanya mazoezi ya kushuka. Wengi hufanya ya kupanda tu, wakirudi chini wanajipumzisha. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki. Inavutwa huku imejikaza, na hapo nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Ndiyo maana siku mbili baadaye ngazi za nyumbani hukushinda. Lakini misuli hiyo hujifunza haraka: ukiishtua mara moja, maumivu ya mara ya pili huwa madogo, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Anza wiki 8 kabla ya mbio, kwenye mteremko wa asilimia 3 hadi 5, dakika 2 mara nne, bila kukimbizana. Hatua ziwe fupi na za haraka, kiwiliwili kisilale nyuma. Ongeza taratibu, na kipindi cha mwisho kizito kiwe wiki 3 kabla.

Milima iwekwe mahali pake. Kama njia yako ina vilima baada ya kilomita ya 26, panga mbio ndefu ya wiki ili uvifikie vilima ukiwa umechoka, si mwanzoni ukiwa na nguvu zako.

Njia tambarare je? Watu huidharau. Berlin imetoa rekodi nyingi za dunia, ya Eliud Kipchoge ya 2:01:09 mwaka 2022 ikiwemo, lakini kwa mkimbiaji wa kawaida utambarare una adhabu yake: misuli ile ile, hatua ile ile, saa nzima nzima bila kupumzishwa na kilima wala mteremko. Dawa yake ni kilomita 15 hadi 20 za mwendo wa mashindano, mfululizo, kwenye barabara iliyonyooka. Inachosha akili kuliko miguu.

Ukienda kwenye joto, mwili unahitaji siku 10 hadi 14 za kulizoea. Na kinywaji cha waandaaji kijaribu kwenye mbio ndefu mapema. Tumbo lililozoezwa linaweza kupokea gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa. Ambalo halijazoezwa litakutafutia choo.

Hatua ya 6: Kona na saa yako

Njia hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa kinachohesabu mizunguko ya gurudumu, ikifuata mstari mfupi kabisa unaowezekana, sentimita 30 tu kutoka ukingo wa barabara kwenye kona. Kisha huongezwa asilimia 0.1, kama mita 42, ili isije ikawa fupi. Wewe, katika msongamano, hutaufuata mstari huo hata kidogo. Saa yako ya mkononi, ile inayopima umbali kwa setilaiti, ikimaliza na kilomita 42.6, si kwamba waandaaji wamekosea.

Piga hesabu. Mwendo wa dakika 5:40 kwa kila kilomita, kwa umbali wa kilomita 42.195, unakupa 3:59:06. Kwa kilomita 42.6, mwendo huo huo ni 4:01:24. Anayetaka kushuka chini ya saa nne na kuamini saa yake atalia kwenye mstari wa mwisho. Panga 5:36, kata kona vizuri, na kama kuna mstari wa buluu barabarani kama London na Berlin, ufuate. Kwenye majengo marefu kama ya katikati ya Chicago, saa huchanganyikiwa kabisa; bonyeza kitufe mwenyewe kila ukipita kibao cha umbali.

Hatua ya 7: Gawanya njia vipande

Usipange wastani mmoja kwa njia yenye milima. Igawanye vipande vinne au vitano kwa mujibu wa mchoro wako, kila kipande na muda wake. Mlimani shikilia jitihada, si mwendo. Kubali kupoteza sekunde 15 au 20 kwa kilomita. Mkenya Kelvin Kiptum alipokimbia 2:00:35 Chicago mwaka 2023, nusu ya kwanza ilimchukua 60:48 na ya pili 59:47, tena kwenye njia tambarare. Kwenye Boston au New York nafasi ya kujiwahi mwanzoni ni ndogo zaidi. Nakili muda wa kila kipande kwenye plasta, kwa kalamu isiyofutika kwa jasho, uibandike upande wa ndani wa mkono.