Fondanti ya keki kwenye joto la Mtwara

Naoka keki za harusi hapa Mikindani, na fondanti, yaani donge laini la sukari la kuvika keki, naikanda mwenyewe. Loweka kijiko kikubwa cha jelatini (unga wa kugandisha; mimi hutafuta ya ng'ombe, si ya nguruwe, wateja wangu wengi ni Waislamu) kwenye robo kikombe cha maji baridi, dakika 5. Ikivimba, weka bakuli juu ya maji ya moto iyeyuke, lakini isichemke. Tia nusu kikombe cha glukosi nzito, kijiko kikubwa cha gliserini na viwili vya mafuta mgando ya kupikia. Mimina kwenye gramu 900 za sukari ya unga iliyochekechwa.

Kazi yenyewe ni kukanda. Paka mafuta viganjani, kanda mpaka donge liache kunata. Vuta kipande: kikirefuka taratibu, tayari. Kikichanika haraka, ongeza mafuta kidogo. Kikining'inia kama ute, ongeza sukari. Wakati wa mvua, hewa ya bahari ina unyevu mwingi, hivyo huongeza sukari kidogo zaidi.

Funga kwa nailoni, ilale usiku kucha mezani. Keki ikishavikwa usiitie kwenye friji. Ikitoka itatoka jasho na rangi zitachuruzika.