Mtu akikutumia shairi lake, mjibu hivi

Huku kwetu Moshi na Arusha siku hizi watu wanaandika mashairi sio mchezo, wanafunzi wa vyuo, walimu, kinamama wa kwaya, madogo wa bodaboda, na kila mtu akimaliza anakutumia wewe usome. Kuandika watu wanaweza. Kwenye kujibu ndo tunafeli. Mtu kakesha na beti saba wiki nzima, anajibiwa "kali sana" na vimoto vitatu, imeisha hiyo. Afu anatokea mwingine anayejiona mjuzi anaandika "hapa hamna mizani, kajifunze kwanza". Wote wawili hawajamsaidia kitu, na huyo wa kwanza huna hata uhakika kama kasoma.

Mi naona ukijibu shairi una kazi moja kubwa, umwambie mwenyewe ni mstari gani ulikusimamisha na ulikufanya nini. Vina, mizani (yaani hesabu ya silabi), tahajia, vyote vinapanga foleni nyuma ya hapo.

Anza kwa kusoma mara mbili, ya kwanza kimya, ya pili kwa sauti. Kwa sauti kabisa, maana mashairi yetu yamelelewa kwenye kuimbwa, jicho linaweza kuruka kasoro ila ulimi utajikwaa tu. Sasa kama uko kwenye Coaster ya Arusha kuja Moshi, konda anagombania chenji na abiria wa Usa River, tulia, weka simu mfukoni, utajibu ukifika. Majibu mengi ya hovyo yanaandikwa ndani ya magari.

Pili jua umeletewa shairi la aina gani, na hapa ndo ugomvi mwingi unapoanzia. Kuna shairi la arudhi, lile la kawaida la mishororo minne kila ubeti, kila mshororo mizani kumi na sita, nane upande wa ukwapi (kipande cha kwanza) na nane upande wa utao (kipande cha pili), vina vya kati na vya mwisho vinafanana. Hilo unaruhusiwa kulihesabia kwa sababu mwandishi mwenyewe kakubali sheria. (Na tukiwa hapo kwenye sheria, watu wa Arusha mnaenda Uwanja wa Sheikh Amri Abeid kila siku kushangilia mpira, sijui wangapi mnajua kwamba huyo Sheikh alikuwa malenga, na mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, kabla hajawa meya wa Dar es Salaam na baadaye Waziri wa Sheria. Yaani uwanja wenu una jina la mtu wa vina na mizani, aisee.)

Kuna shairi huru, halina vina wala halitaki. Ukimwambia mwenye shairi huru "mizani haijatimia" umemwonyesha kwamba hujui unasoma nini. Ugomvi huu ulishapiganwa sana miaka ya sabini, mwandishi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya mashairi huru, Kichomi, mwaka 1974 wanamapokeo, wale wanaoshikilia vina na mizani, walikuja juu kwamba hayo si mashairi, hatuna haja ya kuurudia kila Jumapili jioni. Kwenye shairi huru angalia vitu vingine, mstari umekatwa wapi na kwa nini hapo, picha zinashikana au kila moja inaenda njia yake, neno gani limerudiwa na linaporudi limebeba kitu kipya au ni kujaza nafasi.

Afu kuna machalii wa Chuga, yaani Arusha. Mji uliowatoa wanahiphop kama Joh Makini na kundi la Nako 2 Nako hauwezi kukosa madogo wanaoandika kama wanachana, mistari mirefu, vina vinagongana katikati, maneno ya mitaani kwao Ngarenaro na Unga Limited ndani. Usimpime kwa mizani kumi na sita, gonga meza usikilize kama inakaa kwenye biti. Na usimsafishie lugha, akisema "arifu" hakumaanisha "rafiki yangu mpendwa".

Tuchukue mfano. Tuseme kuna dogo anasoma chuo hapa Moshi mjini, kwao Machame, kakuletea ubeti huu:

Mlima nimeuona, asubuhi kwenda chuo,
Wingu limeshikamana, limeuficha kwa nguo,
Nikabaki kuguna, sina hata kimbilio,
Nyumbani kwetu Machame, moto bado u mekoni.

Hesabu kwa vidole. M-li-ma ni-me-u-o-na, nane, na hiyo "m" ya mlima inasimama peke yake kama mizani kamili, wengi wanaisahau afu wanamlaumu mtunzi. Mshororo wa pili uko sawa. Wa tatu sasa, ni-ka-ba-ki ku-gu-na, saba, hapo kuna pengo, ndo maana ukisoma kwa sauti unahisi umeshuka ngazi ambayo haipo. Kituo, yaani mshororo wa mwisho, kimekuja na vina vyake tofauti, hilo sio kosa, kituo kina ruhusa hiyo na malenga kibao wanafanya.

Ukimjibu "guni hili", yaani shairi lililovunja sheria za vina na mizani, utakuwa umesema kweli kuhusu mshororo mmoja na umemuua dogo kwenye ubeti mzima. Ukimjibu "umetisha mwanangu" atatuma kwingine na saba yake ile ile. Mi ningemwandikia hivi:

"Mdogo wangu nimesoma. Hapo wingu limeuficha mlima kwa nguo nimesimama kabisa, nimeona kama mtu anafunikwa khanga, na sisi wa huku tunavyojua Kibo inavyojificha saa nne asubuhi nikacheka. Kuguna kwako kumenichanganya, umechukia au umechoka? Afu hapo nilijikwaa, nikahesabu nikapata saba, jaribu nikabakia kuguna uone kama inakaa. Ule moto wa mekoni umenibaki, nasubiri ubeti wa pili uniambie nani kaukalia."

Hamna utaalamu wowote hapo. Nimeshika mstari mmoja na kusema ulinifanya nini, nimeuliza swali moja la kweli, nimetaja kasoro moja pamoja na njia ya kuirekebisha, nimesema nasubiri nini. Moja moja inatosha. Ukimwekea kasoro tisa kwa mpigo anaacha kuandika au anakublock.

Kabla hujamkosoa mtu Kiswahili chake pia tulia kidogo. Washairi wana ruhusa zao. Akiandika "menikuta" badala ya "imenikuta" kabana silabi moja makusudi ili mizani ikae, hiyo inaitwa inkisari, na akirefusha neno ili lijae ni mazida. Kupindua mpangilio wa maneno nako kupo, wanaita kuboronga sarufi na jina ni baya ila sio kosa. Kosa ni pale neno lilipobanwa mpaka maana imepotea, hapo mwambie, "hili neno sikulielewa mpaka nilirudia mara tatu".

Kingine, acha upelelezi. Mtu kaandika shairi la kuachwa, watu wanajazana "pole sana, nani huyo kakufanyia hivi", mara "nilikwambia yule kaka hafai". Bana, "mimi" wa kwenye shairi sio lazima awe ni yeye. Washairi wa zamani walikuwa wanaandika njiwa, ua, jahazi, wanamaanisha kitu kingine kabisa na wasomaji wanafumbua bila kuuliza jina la mtu. Uliza kuhusu njiwa, usiulize kuhusu shemeji.

Isipokuwa kwenye msiba. Mtu akiandika shairi la kumlilia mama yake hiyo wiki ya mazishi hamna cha mizani hapo, mwambie pole, mtajie mstari uliokugusa, nyamaza. Hata kama vina vimechanganyika ubeti mzima. Akitaka kulichapa au kulisoma kwenye arobaini atakuja mwenyewe kukuomba umwangalizie.

Wazee nao wana namna yao. Huwezi kumwambia mzee wa miaka sabini aliyekufundisha darasa la nne "mzee hapa umechemka". Unaanza na shikamoo, unamshukuru, afu unauliza kama mwanafunzi: "Mwalimu naomba kueleweshwa, ubeti wa tatu utao nimepata tisa, sijui nahesabu vibaya?" Ataenda kuhesabu mwenyewe, na ikiwa kweli ni tisa atarekebisha kimya kimya wala hamtaongelea tena. Kasoro yoyote kwa ujumla, ya mzee au ya dogo, peleka pembeni kwa ujumbe wa mtu mmoja, sifa ndo ziseme mbele ya watu. Labda kama mwenyewe kasema wazi "naombeni mnikosoe", hapo ruksa, ila na yeye asinune.

Sasa utamu wenyewe upo kwenye kujibu shairi kwa shairi. Hii ni mila yetu ya siku nyingi, tangu enzi za magazeti kama Mambo Leo lililoanza 1923 wasomaji walikuwa wanatuma mashairi na kujibizana humo humo, mmoja anauliza mwingine anajibu. Utaratibu ni kumfuata mwenzako kwenye bahari yake (aina yake ya shairi), akitumia tarbia, yaani mishororo minne kila ubeti, na wewe tarbia, akipanga vina vya "na" na "o" unavishika hivyo hivyo, na kama unaweza unamrudishia kituo chake. Kwa dogo wetu wa Machame unaweza kuanza:

Moto huo nauona, ukiwaka mbele yao,
Wingu litaachiana, mlima uvue nguo,

Wa tatu malizia mwenyewe, kituo mrudishie kile kile cha moto mekoni. Angalia nimechukua nguo yake, nimechukua moto wake, sikuja na habari zangu za Dubai. Hapo ndo wengi wanaharibu, wanajibu shairi la mtu kwa shairi lao la zamani walilokuwa wanatafuta pa kulitupia. Na usimpige chini kwa vijembe kama hamfahamiani vizuri, malumbano ni matamu wakiwa watu wawili wanaojuana, vinginevyo itageuka ugomvi na wa pembeni wataongeza kuni.

Na shairi lisilokugusa je? Usidanganye. Sema "sijaingia bado, nisaidie, ulikuwa unamsemesha nani?" Mara nyingi majibu yake yatakuwa na mstari mzuri kuliko yote aliyoandika, mwambie auchukue auweke ndani.

Akikurudishia lililorekebishwa soma tena upya, kwa sauti kama mwanzo, mwambie limebadilika wapi. Akiwa kaiacha ile saba yake makusudi na ana sababu, poa, shairi ni lake. Wale wanaokutumia mashairi matano kwa siku chagua moja, mjibu hilo vizuri, hayo manne mwambie ukweli kwamba hujayasoma.