Somo: Jinsi ya kupata kundi la waandishi wenzako litakalodumu

Wadau, swali ninaloulizwa faraghani kuliko yote ni hili: "Nitapata wapi waandishi wenzangu wa kunisomea?" Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, na swali lenyewe linastahili jibu kamili. Ninayoyajua nimeyaweka hapa.

Hatua ya 1. Jua unamtafuta nani. Msomaji wa rasimu si mhariri wa sarufi, wala si mwenzi wa kukuhimiza ukae uandike.

Hatua ya 2. Watafute wanakopatikana: maktaba, vikao vya kughani mashairi, mafunzo ya uandishi, uzinduzi wa vitabu. Usitangulize mswada wako. Omba kusoma wa mwenzio, umwandikie mistari michache yenye maana. Aliyesomwa kwa makini hasahau.

Hatua ya 3. Wanne hadi sita wanatosha. Mkizidi, zamu yako itafika ukiwa umeshasahau ulichoandika.

Hatua ya 4. Wekeni siku maalumu na ukomo wa maneno. Maneno 3,000 kwa kikao ni mengi ya kutosha, na yatumwe siku kadhaa kabla.

Hatua ya 5. Kubalianeni namna ya kukosoana. Hapa soma polepole, maana ndipo kundi langu la kwanza lilipovunjikia. Mwenzetu alileta sura ya mwanzo, bado anaitafuta sauti ya msimulizi wake. Tukamrundikia koma na tahajia. Mmoja akasema hadithi ingependeza kama angesimulia mama badala ya mtoto. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, lakini hakurudi tena. Tulikosa utaratibu, basi.

Taratibu zipo, na zimejaribiwa. Mwaka 1956, waandishi wa hadithi za kisayansi walianza kukutana Milford, Pennsylvania, na utaratibu wao unatumika hadi leo: kila msomaji husema kwa zamu kwa dakika chache, mwenye kazi amenyamaza mpaka wote wamalize, ndipo ajibu. Unafaa sana kwa kazi iliyokamilika, kwa sababu humzuia mwandishi kujitetea kabla hajasikia.

Kwa rasimu changa mimi hutumia ule wa Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, alioubuni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwanza wasomaji wanasema kilichowagusa. Kisha mwandishi anauliza anachotaka kujua. Kisha wasomaji wanauliza maswali yasiyobeba hukumu. Maoni yanakuja mwisho, tena kwa ruhusa: "Nina maoni kuhusu mwisho wa hadithi, ungependa kuyasikia?" Mwandishi ana haki ya kukataa. Sehemu ngumu ni ya tatu. "Kwa nini mhusika huyu ni mwoga hivi?" ni hukumu iliyovaa kiulizo. "Ulitaka tumwoneje anapokimbia?" ni swali.

ONYO: msimwandikie mwenzenu sentensi zake upya. Na "nzuri sana, endelea" ikiwa peke yake inaumiza vilevile. Mtu amejitoa kuonyesha kazi yake, akaondoka mikono mitupu.

Hatua ya 6. Jaribuni vikao vichache, kisha kila mtu awe huru kuondoka bila kusemwa.

MASWALI YA WANACHAMA

— Mkuu nimepitia harakaharaka. Kwa hiyo kundi nalipata wapi?
— Hatua ya 2.

— Nina riwaya ya kurasa 412. Nani ananisomea mpaka Ijumaa? Sitaki kasoro, nataka tu kujua kama inafaa kuchapwa.
— Hakuna awezaye kukuambia hilo bila kugusa kasoro. Na wewe umesoma kazi ya nani mwezi huu?
— Mbona ukali mkuu, nimeuliza tu.
— Si ukali. Unamwomba mtu usiyemjua wiki yake nzima. Lete sura moja, usome na ya mwenzio.

— Mimi naogopa kuibiwa wazo langu. Nifanyeje?
— Hofu yako naielewa. Hakimiliki hulinda namna ulivyoliandika wazo, si wazo lenyewe. Kwa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ulinzi huo hauhitaji usajili; katika nchi wanachama, kazi yako inalindwa tangu unapoiandika. Tunza rasimu zako zenye tarehe. Anza na mtu mmoja mnayesomana, sura kwa sura, umpime kabla hujaongeza wa pili. Halafu wape waandishi watano wazo moja uone: zitatoka hadithi tano zisizofanana.

— Kwetu kuna washairi wa arudhi, wanaofuata kanuni za vina na mizani, na wa mashairi huru. Tunaweza kukaa kundi moja? Kila kikao ni ubishi.
— Swali zuri sana hili. Mnaweza, ila mwenye shairi atangaze kwanza kanuni anayoifuata. Akisema ni tarbia (mishororo minne kila ubeti) ya mizani 8 kwa 8, yaani silabi 8 kila kipande cha mshororo, hesabuni mizani na mkague vina vya kati na vya mwisho bila huruma. Akisema ni shairi huru, acheni kuhesabu; muulizeni kwa nini mshororo umekatika pale ulipokatika. Badilishaneni pia: wa arudhi ataje taswira moja iliyomkaa katika shairi huru, na wa mashairi huru aghani tarbia kwa sauti. Ubishi utabaki, ila utakuwa wa kuwafunza.

— Nyongeza mkuu: kwetu mwandishi hasomi kazi yake mwenyewe, anasomewa.
— Ahsante sana, hili nilipaswa kuliweka kwenye hatua ya 5. Mwandishi ashike penseli, na kila msomaji anapojikwaa au kurudia sentensi, aweke alama pembeni bila kumkatiza. Kwenye majibizano, gawieni wasomaji wawili, kila mmoja na mhusika wake. Kama wahusika wote wanaongea kwa mdomo mmoja, mtasikia kabla ukurasa haujaisha.