Somo: Mwenzetu wa drafti anapougua sana

Ndugu wana kijiwe, wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu.

Somo hili linamhusu meku wetu (ndivyo Wachagga tunavyomwita mzee), yule aliyewafundisha nusu ya wachezaji wa Mbuyuni kulinda mstari wa nyuma kabla ya kukimbilia kingi, yaani kete iliyofika mstari wa mwisho wa mpinzani. Wote mnajua anaumwa. Yeye mwenyewe ameniruhusu niseme kinachomsumbua: ni saratani ya umio, imefika mbali, na madaktari wamemweleza kwamba tiba anayopata sasa ni ya kumtuliza maumivu na kumwezesha kumeza, si ya kuiondoa. Ameniambia niandike wazi kwa sababu amechoka na minong'ono. Huku Kilimanjaro ugonjwa huu si mgeni, kwa hiyo huenda vijiwe vingine vya Moshi na Arusha navyo vikalihitaji somo hili.

Niseme jambo moja kabla ya hatua zenyewe. Kwenye msiba hatuna mpinzani. Taarifa ikitoka alfajiri, kufikia jioni turubai, viti, jeneza na basi la kwenda kihambani, kwenye shamba la ukoo, vimeshapatikana. Ni mtu akiwa bado yupo ndipo tunapolegea, na wengi hatulegei kwa ubahili. Tunaogopa kwenda kumwona kwa kuwa hatujui tukifika tutasema nini. Sisi wa drafti hatuna haja ya kuogopa hivyo. Mchezo upo, na ukishatandikwa, maneno yanajileta yenyewe au hayahitajiki.

Hatua ya kwanza: muulize mwenyewe

Kabla ya kuchangisha, kabla ya kupanga safari, kaa naye na umuulize mambo matatu. Anataka nani ajue, na ajue kiasi gani? Anataka kutembelewa, au anapenda simu zaidi? Na bado anataka kucheza? Usidhani unayajua majibu kwa sababu mmekaa benchi moja miaka mingi.

Habari za ugonjwa wa mtu ni mali yake. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo picha ya mgonjwa kitandani isipigwe, na ikipigwa kwa idhini yake isisambazwe. Cheti cha hospitali kisitumwe kwenye kundi hata kama nia ni kuwahimiza watu wachange. Neno langu mimi katibu linatosha. Asiyeliamini aje aniulize uso kwa uso.

Hatua ya pili: mtu mmoja wa kuongea na familia

Mmoja tu. Mama wa nyumba hana muda wa kupokea simu thelathini zinazouliza "mzee anaendeleaje?" ilhali uji uko jikoni na dawa imefika saa yake. Msemaji wetu anampigia mama au mtoto mkubwa kwa saa waliyokubaliana, kisha anatuletea habari. Wengine wote tunamuuliza yeye.

Hatua ya tatu: hela

Chagueni mweka hazina na shahidi wake, watu wasioishi nyumba moja. Michango iingie sehemu moja. Akaunti ya kikundi, kama ile ya M-Koba, ni bora kuliko simu ya mtu binafsi, maana hela haitoki kwa uamuzi wa mtu mmoja. Kama mnatumia daftari, kila kinachoingia na kila kinachotoka kiandikwe, na daftari lifike kijiweni kila Jumamosi, mwenye macho asome.

Msichange mara moja mkamaliza. Ugonjwa wa namna hii unakula kidogo kidogo: bodaboda ya kwenda kliniki, maziwa, nepi za watu wazima, vocha, nauli ya binti anayetoka Arusha kuja kumpumzisha mama yake. Elfu mbili kwa wiki kutoka kwa kila mtu, kwa miezi, inasaidia kuliko laki moja ya siku moja na kimya kinachofuata. Muulizeni mama bima inalipia nini, kisha jazeni pale isipofika. Mara nyingi ni usafiri, chakula, na malazi ya anayemsindikiza mgonjwa. Mgonjwa akipewa rufaa ya mionzi kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, gharama hizo ndizo zinazoibomoa familia, kwa sababu mionzi inaweza kuchukua wiki kadhaa na msindikizaji naye lazima ale na alale mahali. Mwenye ndugu Dar mwenye chumba cha akiba, huo nao ni mchango. Uandikeni kwenye daftari.

Na mpeni mama, msimpe mgonjwa. Mwanaume wa rika lake akikabidhiwa bahasha mbele ya watu anaona ameshakuwa ombaomba.

Hatua ya nne: ubao umfuate alipo

Hapa nitakaa zaidi, maana hili hakuna ndugu wala daktari atakayelifanya badala yetu.

Kama anaweza kuketi, mpelekeeni ubao mwepesi. Wa mbao unaelemea mapaja, kwa hiyo kateni boksi gumu, mlichore, mlibandike kwenye sinia kubwa. Vizibo vya soda vinateleza kwenye shuka. Bandikeni kitambaa kidogo chini ya kila kete, au tumieni vifuniko vya chupa za maji, ambavyo ni vikubwa na rahisi kushika kwa vidole vilivyoishiwa nguvu. Akishindwa kusogeza, ataje na wewe usogeze.

Kama hawezi kukaa na mtu, au ameomba wageni wapungue, chezeni kwa simu. Kitochi kinatosha, na kwa mtu ambaye sauti imeanza kukauka, ujumbe mfupi ni bora kuliko kupiga.

Chukueni mbao mbili, mmoja wenu na mmoja wake. Ubao wetu una miraba 64, lakini tunachezea 32. Kwa kalamu ya wino mzito, andikeni namba kwenye hiyo 32 tu. Mstari wa kwanza wa upande mmoja ni 1 hadi 4, unaofuata ni 5 hadi 8, endeleeni hivyo mpaka mstari wa mwisho, 29 hadi 32. Hakikisheni mbao zote mbili zimeandikwa kutoka upande uleule, la sivyo mtacheza michezo miwili tofauti bila kujua. Mmoja anapanga kete zake 12 kwenye namba 1 hadi 12, mwingine kwenye 21 hadi 32. Katikati, 13 hadi 20, panabaki wazi.

Kusogea kunaandikwa kwa kistari: 11-15. Kula kunaandikwa kwa alama ya kuzidisha. Mfano: wewe unatuma 11-15, yeye anajibu 22-18. Unamla, 15x22, naye anakurudishia, 25x18. Mmeliwa kete moja moja na mchezo umefunguka. Ukila kete mbili kwa mpigo, andika kila unapotua ili asibahatishe.

Mwisho wa siku kila mmoja ahesabu kete zilizobaki na atume idadi. Zikitofautiana, rudini kwenye ujumbe wa asubuhi mtafute palipopotea.

Usimharakishe. Anaweza kujibu baada ya dakika mbili au baada ya siku mbili. Usitume "vipi mzee, mbona kimya?" Acha ubao wako kama ulivyo, mahali ambapo watoto hawafiki, mpaka namba ije.

Na usimwachie ashinde. Nalisema kwa uzito wote. Meku anaona hatua tatu mbele yako hata akiwa na homa. Siku utakayopeleka kete yako mdomoni kwake makusudi, ataelewa kwamba umeacha kumwona mchezaji na umeanza kumhurumia. Mfunge ukiweza. Akikufunga, njoo utangaze kijiweni, kisha umtumie sauti ya wenzako wakikuzomea. Mwenye simu janja arekodi dakika chache za kijiwe kila wiki: kete zinagongwa, watu wanatambiana, muuza kahawa anapita na vikombe vyake. Binti yake amesema huzirudia usiku.

Hatua ya tano: kutembelea

Watu wawili, si zaidi, na muda mfupi. Hospitali ina saa zake za kuona wagonjwa, ziheshimuni. Wodini kete hazigongwi, zinawekwa taratibu, maana kitanda cha jirani nacho kina mtu. Nyumbani, muulizeni mama saa ambayo dawa ya maumivu huwa imeshamtuliza lakini haijamlaza. Ndiyo saa ya mchezo.

Chakula msibebe bila kuuliza. Najua mkono wa Mchagga hauendi kwa mgonjwa mtupu, lakini umio ukibana, mtori wa kawaida wenye vipande vya nyama unaweza kumkwama. Akiwa amewekewa mrija wa kupanua njia, muuguzi amempa mama maelekezo ya kulainisha na kuchuja. Tuyafuate hayo. Kama hamjui, bebeni ndizi na maziwa mmpe mama, atajua la kufanya.

Hatua ya sita: damu

Kila hospitali inahitaji damu muda wote, na Kanda ya Kaskazini ya damu salama ina kituo chake hapa hapa Moshi. Mwenye afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, ajitokeze. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Msisubiri meku apungukiwe.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Pasua:* Katibu, nimesikia ameanzishiwa mofini. Si ndiyo kusema wamemkatia tamaa?

Hapana, kaka. Mofini ya kunywa ni dawa ya maumivu makali, na ni sehemu ya kile wanachokiita tiba shufaa, yaani tiba ya kumtuliza mgonjwa. Ikitolewa kwa kipimo, kwa kawaida kila baada ya saa nne, haimharakishii mtu kifo. Inampa nafasi ya kulala, kula kidogo, na kufikiria kete. Siku za mwanzo inaweza kumpa usingizi mwingi, na kwa wengi hali hiyo hupungua baada ya siku chache. Huleta pia choo kigumu, kwa hiyo hupewa na dawa ya kulainisha. Tafadhali sana, asiende mtu nyumbani kwake kumwambia aiache.

*Mwanachama, Majengo:* Umesema tusimwachie. Lakini juzi nimecheza naye, ameacha kete tatu wazi. Si kawaida yake. Nikazila na roho ikaniuma.

Umefanya sawa kuzila. Kwa kuanzia sasa, kubalianeni mapema kwamba kila mmoja ana ruhusa ya kurudisha kete mara mbili katika mchezo. Sheria iwe ya wote wawili, na wewe uitumie mbele yake hata mara moja, ili isionekane imetungwa kwa ajili yake. Ila kama anakosea tofauti kabisa na alivyokuwa wiki iliyopita, anasahau zamu au hakutambui, hilo si la mchezo. Mwambie msemaji wetu siku hiyohiyo, naye amwambie mama, ili wauguzi wajue.

*Mwanachama, Kiboriloni:* Nikifika naanza kulia. Ndiyo maana sijaenda.

Anza na simu. Tuma 11-15 leo. Ukishacheza naye siku kadhaa, utakwenda ukiwa na jambo la kumlalamikia. Na ukilia mbele yake, si dhambi. Alinieleza kuwa kinachomuuma si machozi ya watu, ni wale wanaobadili njia wakimwona mwanaye sokoni.

*Mwanachama, Njoro:* Familia inafikiria kumpeleka nyumbani Kibosho kwa ndugu zake. Ratiba yetu itakufa?

Haitakufa. Apendapo kukaa ndipo pake. Michezo ya simu inaendelea kama kawaida, na wa kutembelea tutakwenda wawili kwa zamu kila Jumapili baada ya ibada. Mvua za masika zikianza, njia za juu huko zinateleza vibaya, hivyo tutaenda mapema na kurudi mapema. Mwenye gari aseme. Wasio na gari nauli itatoka kwenye mfuko, na iandikwe.

*Mwanachama, Soweto:* Hili gumu kidogo. Akitutoka mchezo wangu naye ukiwa katikati?

Nimemuuliza mwenyewe, maana nilijua litaulizwa. Amesema michezo iliyobaki iendelezwe na mjukuu wake wa kidato cha pili, ambaye anakaa pembeni yake na kuandika namba. Mtoto anacheza vizuri. Msimdharau.

*Mwanachama mpya, Rau:* Mimi sijawahi hata kukutana naye. Naweza kuingia kwenye ratiba?

Unaweza, na ingia haraka. Amelalamika kwamba sisi wa zamani anatujua mpaka tunavyopumua, anataka mtu asiyemjua. Nunua kalamu, andika ubao wako 1 hadi 32, kisha uje kwangu kijiweni Jumamosi uchukue namba ya mjukuu. Ukituma ujumbe wa kwanza, anza na shikamoo, jina lako, na mtaa wako, halafu hatua yako. Upande wa 1 hadi 12 atakuachia wewe. Yeye hupenda kuanza wa pili.