Dokezo au parodi? Jinsi ya kuvitambua ndani ya wimbo

Wanafunzi wengi wa fasihi huchanganya dokezo, yaani rejeo la kazi nyingine, na parodi, yaani mwigo wa dhihaka, kwa kuwa vyote viwili hukopa kazi ya mtu mwingine. Mimi hufundishia "Gangsta's Paradise" (1995), wimbo wa rapa Mmarekani Coolio kuhusu maisha ya magenge ya mtaani. Usikilize kwanza, kisha twende.

Hatua ya 1: Tafuta kilichokopwa. Muziki na kiitikio vimejengwa juu ya "Pastime Paradise" wa Stevie Wonder (1976). Maneno ya kufungulia yametoka Zaburi 23:4. Fungua Biblia usome: "Naam, nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti, sitaogopa mabaya, kwa maana Wewe upo pamoja nami."

Hatua ya 2: Angalia kilichoachwa. Hapa usiharakishe. Coolio anaingia bondeni kama mtunga zaburi, lakini hafiki kwenye "sitaogopa". Anayatazama maisha yake na kuona hakuna kilichosalia. Palipotakiwa kuwa na "Wewe upo pamoja nami" hapana mtu. Mstari wenyewe hautaji upweke huo. Anayeijua zaburi ndiye anayeusikia, na unauma. Hilo ndilo dokezo: linaegemea kazi ya awali bila kuicheka.

Hatua ya 3: Weka mwigo kando yake. Chukua "Amish Paradise" wa mwanamuziki mchekeshaji "Weird Al" Yankovic (1996). Andika ubeti wa kwanza wa kila wimbo sambamba, upigie mstari yasiyobadilika. Mdundo ni uleule na mstari unaanza vilevile, ila bonde la mauti limegeuka shamba la kuvuna nafaka. Anayeimba sasa ni Mwamish, Mkristo wa jamii ya Marekani inayosafiri kwa magari ya farasi.

Hatua ya 4: Uliza anayechekwa ni nani. Majigambo ya mtaani amevishwa mkulima mcha Mungu, hadi anajisifu kwamba hakuna mnyenyekevu wa kumfikia. Kwangu mimi, shabaha kuu ni majigambo yenyewe. Waamish nao wanaguswa, na ukiliona hilo liandike. Mchambuzi halazimiki kumpendelea mchekeshaji.

Hatua ya 5: Rudi kwa Stevie Wonder. Wimbo wake unawasikitikia watu wanaoishi katika siku zilizopita. Parodi inamleta mtu aishiye kizamani kwa hiari yake. Iwe ilikusudiwa au la, kitaje kiungo hicho, mradi uonyeshe mistari inayokithibitisha.