Namna ya Kulinganisha Takwimu za Vifo vya Dawa za Kulevya kati ya Nchi na Nchi

Mtumishi wa takwimu za afya aliyeko Mbeya, akitaka kulinganisha vifo vya dawa za kulevya vya upande wetu na vya Zambia, Malawi au Uingereza, asianze na jumla zilizokwisha kuchapishwa. Aanze na marehemu mmoja.

Tuseme kijana amekutwa amefariki katika nyumba ya wageni Tunduma, bomba la sindano likiwa kando yake, na kwenye cheti cha kifo pakaandikwa "moyo kusimama". Hivyo ndivyo kila mtu anavyokufa; chanzo cha msingi hakijatajwa. Katika Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, toleo la kumi (ICD-10), kifo hicho kitaangukia alama I46, ya moyo kusimama, na kutoweka katika hesabu ya vifo vya dawa za kulevya. Lakini kama mwili ungefanyiwa uchunguzi, sampuli zikapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na heroini ikabainika, kingeandikwa X42, yaani sumu ya bahati mbaya, pamoja na T40.1, inayotaja heroini yenyewe. Basi kabla ya kulinganisha nchi mbili, uliza kila moja hupima sumu katika vifo vingapi vya ghafla, kwa sababu nchi isiyopima huonekana salama kuliko ilivyo.

Hatua inayofuata ni kuweka fasili moja na kuishikilia. Wakala wa Ulaya wa dawa za kulevya, wenye makao Lisbon, hutumia kundi la alama F11, F12, F14, F15, F16 na F19 (matatizo ya akili na tabia yatokanayo na dawa za kulevya), likiongezewa X41 na X42 (sumu ya bahati mbaya), X61 na X62 (ya kukusudia), Y11 na Y12 (nia isiyojulikana) pale tu zinapoambatana na T40 (dawa kama heroini, kokeini na bangi) au T43.6 (vichangamshi). Marekani huhesabu kwa upana zaidi: X40 hadi X44, X60 hadi X64, X85 (sumu ya kushambuliwa na mtu mwingine) na Y10 hadi Y14, zikiwemo dawa za kawaida za hospitali. Kwa hesabu hiyo ilipata vifo zaidi ya 100,000 mwaka 2021, na si haki kuviweka kando ya takwimu za Ulaya bila kuvichambua upya. Omba orodha yenye alama za kila kifo. Jumla peke yake haichambuliki.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini neno "sumu" linahitaji uangalifu wa pekee. Ndugu wa marehemu akisema "alikunywa sumu", mara nyingi anamaanisha kiuatilifu cha shambani, ambacho alama yake ni X68 kikinywewa kwa kukusudia, au X48 kwa bahati mbaya. Gongo nayo ina X45. Vifo hivyo vinauma vilevile, ila haviingii humu. Pia usichanganye waliokufa kwa kuzidisha dozi na watumiaji wa unga waliokufa kwa UKIMWI au kifua kikuu. Hao wapewe jedwali lao.

Baada ya hapo gawanya kwa idadi ya watu. Kwa mfano wa kufanyia zoezi, vifo 12 katika watu 400,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 64 ni vifo 30 kwa kila watu milioni moja. Kwa kuwa Tanzania ina vijana wengi kuliko Ulaya, kokotoa kiwango cha kila rika, kisha ukizidishe kwa uwiano wa rika hilo katika idadi moja ya kipimo, yaani mgawanyo mmoja wa umri unaotumika kwa nchi zote, na ujumlishe majibu ya marika yote. Vifo vikiwa vichache, unganisha miaka mitatu au mitano.

Mwisho, kagua mwaka. Katika England na Wales kifo cha namna hii husajiliwa baada ya uchunguzi wa "coroner", yaani afisa wa sheria anayechunguza vifo vyenye utata, kukamilika, jambo linaloweza kuchukua miezi mingi, na takwimu kuu hufuata mwaka wa usajili. Kwa hiyo kichwa cha kila safu kionyeshe kama ni mwaka wa kufa au wa kusajiliwa, na safu mbili zisizofanana zisitolewe tofauti mpaka mojawapo igeuzwe.