Kupanga gia za lori la rimoti kwa mchanga wa Pirates

Kila nikienda Pirates, ufuo wetu wa Mombasa, jioni maji yakikupwa simkosi kijana ambaye lori lake la betri limezima, mota haishikiki kwa moto, ukimuuliza ati ametia pinioni kubwa, ile gia ya kwenye mota, liende mbio. Simcheki, hata mimi nilifanya hivo. Nilitoa pinioni ya meno 13 nikatia ya 15, pale penye mchanga mgumu likaenda kama limeibiwa, nikaona raha nikalipandisha juu kwenye mchanga mwepesi, muda si muda nasikia harufu ya vanishi, nikadondosha tone la maji juu ya mota likachemka. Mota ile haikurudi nguvu zake tena.

Hatua ya 1: hesabu meno. Pinioni ni gia ndogo iliyo kwenye mota, spa ni ile kubwa inayosukumwa. Gawanya meno ya spa kwa meno ya pinioni, kisha zidisha na namba ya gia za ndani, iko kwenye kitabu cha gari. Lori langu, Slash 4x4 ya Traxxas, lina spa 54, pinioni 13, ndani 2.85, jibu 11.84, yaani mota inazunguka karibu mara 12 ndo gurudumu lizunguke mara moja. Namba ikipanda nguvu zinapanda, mbio na joto vinashuka. Pinioni kubwa inaleta namba ndogo, hapo ndo wengi huchanganyikiwa. Na ukitia magurudumu makubwa ni sawasawa na kuongeza pinioni.

Hatua ya 2: piga mbio zake. Mota yangu ni Kv 3500, yaani mizunguko 3500 kwa dakika kwa kila volti, betri ya seli 2 ni volti 7.4, zidisha upate mizunguko 25,900 kwa dakika. Gawanya kwa 11.84, gurudumu la kipenyo cha sentimita 11 linakupa kama kilomita 45 kwa saa, kwenye karatasi lakini. Betri ya seli 3 kwa gia zizo hizo inaruka mpaka 68, ndo maana ukipanda seli shusha pinioni. Mchangani mimi natia ya 11, namba inakuja 14, mbio kama 38, na zinatosha bwana, ufuo wenyewe umejaa watoto na ngamia. Mchanga mwepesi kwa gia ya mbio ni kama tuktuk iliyojaa ikipanda kutoka feri ya Likoni kwa gia ya nne.

Hatua ya 3: kununua. Namba yenye P ni kipimo cha unene wa meno: ya 32P ni manene, ya 48P membamba, hayaingiliani hata ulazimishe. Pima shafti ya mota, kuna ya milimita 3.17 na ya 5. Chukua pinioni ya chuma, ya alumini mchanga huila upesi. Spa iache ya plastiki, afadhali ife hiyo kuliko difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya pande mbili.

Hatua ya 4 usiiharakishe. Safisha shafti kwa spiriti, skrubu ya pinioni ikae pale shafti ilipokatwa bapa, tia gundi ya skrubu ya buluu. Kata ukanda wa karatasi ya daftari, uupitishe katikati ya gia mbili, sukuma mota ibane, kaza bolti, kisha zungusha gia karatasi itoke. Itoke na mikunjo ya meno bila kuchanika. Halafu zungusha spa duara zima kwa kidole, maana spa nyingi si duara kamili, ikikwama mahali legeza kidogo. Ikikazwa sana inalia kama mbu na joto linapanda bure, ikilegea meno yanang'oka.

Hatua ya 5: nati ya klachi ya kuteleza, ile inayoteleza kidogo gia zisivunjike, kaza mpaka mwisho kisha rudisha nusu mzunguko. Difu natia mafuta ya silikoni, ya uzito wa 30,000 mbele na 10,000 nyuma. Beringi chukua zenye mpira pande zote mbili, chumvi yetu haina huruma.

Hatua ya 6: endesha dakika tano, simamisha, pima mota kwa kipimajoto cha mwanga. Ikipita 80 za selsiasi punguza jino moja la pinioni, urudie. Kama huna kipimo, weka kidole: ukishindwa kuhesabu mpaka tano, jioni hiyo imekwisha, lizime ukale viazi karai.